Kundi la Damu Halizuii Virusi: Namna ya Kujilinda Unaposafishwa Damu kwa Mashine

Mgonjwa wa figo anayeanza kusafishwa damu huulizwa mapema kundi lake la damu, na si ajabu akatoka hapo akiamini kwamba kundi hilo ndilo litakaloamua kama ataambukizwa virusi au la. Imani hiyo ilipata nguvu mwaka 2020, watafiti walipowapima wagonjwa wa Uviko-19 wa Italia na Hispania na kuona kuwa wenye kundi A walizidiwa zaidi kuliko wenye kundi O. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo, tena haihusu virusi tunavyoviogopa zaidi katika chumba cha mashine, yaani vya homa ya ini B, homa ya ini C na VVU, ambavyo huingia kwa njia ya damu na humwambukiza mtu wa kundi lolote. Lijue kundi lako, lakini kinga itafute kwingine.

Anza na vipimo. Kabla ya kuunganishwa na mashine mara ya kwanza, hakikisha umepimwa virusi hivyo vyote vitatu, uandikiwe majibu katika daftari lako, kisha kipimo cha homa ya ini C kirudiwe kila baada ya miezi 6.

Chanjo ya homa ya ini B ndiyo ngao kubwa kuliko zote, na ni vyema ianze hata kabla figo hazijafikia hatua ya kuhitaji mashine, kwa kuwa kadiri zinavyodhoofika ndivyo mwili unavyoshindwa kutengeneza kingamwili za kutosha. Kwa sababu hiyo mgonjwa wa mashine hupewa mikrogramu 40 kwa dozi, mara mbili ya ile ya kawaida ya mtu mzima, na kwa chanjo nyingi ratiba ni siku ya kwanza, kisha baada ya mwezi 1, miezi 2 na miezi 6. Wengi huishia hapo, na hilo ni kosa. Mwezi 1 au 2 baada ya dozi ya mwisho, omba upimwe kiwango cha kingamwili: kikiwa chini ya 10 (mIU kwa mililita), chanjo hurudiwa yote; kikifika 10 au zaidi, kipimwe kila mwaka, na kikishuka uongezewe dozi.

Ukiwa kwenye kiti, fumbua macho. Virusi vya homa ya ini B huweza kuishi siku 7 juu ya kitu kikavu, hata pasipoonekana damu, kwa hiyo mkono wa kiti, vibanio vya mirija na vitufe vya mashine ni lazima vifutwe kwa dawa kabla ya mgonjwa mwingine kuketi. Dawa ya kuzuia damu isigande ije ikiwa imeshavutwa kwenye bomba lako la sindano. Kichupa kimoja kisizungushwe kiti hadi kiti. Muuguzi akitoka kwa jirani yako na glavu zilezile, mwambie kwa upole, "Sista, samahani, naomba ubadili glavu kwanza." Hiyo ni haki yako, wala si utovu wa adabu. Sindano ikishachomolewa nawe ukatakiwa kubana fistula (mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili uchomwe sindano za mashine) kwa kipande cha shashi, vaa glavu, kisha unawe mikono kabla ya kushika simu au mlango.

Mwenye homa ya ini B anapaswa kuwa na chumba na mashine yake. Mwenye C au VVU hahitaji kutengwa, na inaniuma kuona watu wakimhama mwenzao kwa woga, ilhali homa ya ini C siku hizi hutibiwa ikapona kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12.

Kundi la damu hurudi kuwa na kazi unapohitaji kuongezewa damu au kupewa figo. Hata hivyo, uliza kwanza kama sindano za erithropoietini (homoni inayouchochea mwili kutengeneza damu) na madini ya chuma zinaweza kukuinulia damu, maana kila chupa ya damu, hata iliyopimwa, ina hatari yake ndogo, na inaweza kuufanya mwili utengeneze kingamwili zitakazokuzuia kupata figo inayokufaa. Na ukisafiri ukasafishwa damu katika kituo kingine, beba daftari lenye majibu yako, kisha ukirudi uwaarifu wauguzi wa kituo chako ili upimwe upya.