Somo: Kulala bandani Aberdare ukienda kuvua trauti (soma yote kabla ya kuniandikia)

Kila likizo ikikaribia naulizwa yale yale: njia ni ipi, kuna stima, samaki wapo kweli? Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Ninazungumzia mabanda ya kujipikia yaliyo uwandani juu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, Kenya. Sizungumzii hoteli za kule chini ambako unaletewa chai ukitazama ndovu dirishani. Huku ni karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Duka hakuna, jirani hakuna, na simu inashika mtandao inapotaka yenyewe.

Hatua ya 1. Lipia banda na kiingilio kupitia eCitizen (tovuti ya serikali ya huduma na malipo) kabla hujatoka nyumbani.

Hatua ya 2. Leseni ya kuvua ni kitu kingine, haimo kwenye kiingilio. Iulizie unapolipia banda.

Hatua ya 3. Gari la 4x4, tangi lijazwe Nyeri, au Naivasha kama unaingilia geti la Mutubio.

Hatua ya 4. Uwe getini kabla ya saa sita mchana. Mvua ya huko hupenda alasiri, na ule udongo mwekundu kwenye kona za msitu wa mianzi ukilowa hata gari zuri linateleza. Msimu wa mvua ndefu piga simu ofisi ya hifadhi asubuhi ile ile, maana barabara nyingine hufungwa. Giza likikukuta njiani usishuke kukagua tope. Njia ile usiku ni ya ndovu.

Hatua ya 5. Chakula. Maharagwe na githeri vichemshe nyumbani viive kabisa. Kule juu maji hutokota yakiwa nyuzi 90 hivi badala ya 100, kwa hiyo unaweza kupuliza moto tangu mchana na jioni maharagwe bado yanagonga meno. Unga, mayai, vitunguu, mafuta, chumvi na limau vinatosha. Maji ya kunywa beba kutoka mjini.

Hatua ya 6. Moto. Hapa msiruke mstari.

Usiku kuna baridi ya jalidi. Mara yangu ya kwanza nilinunua kuni barabarani bila kuzikagua, zikawa mbichi. Mahali pa moto pakatoa moshi na machozi tu. Nikaona niwe mjanja: nikawasha jiko la makaa nje, lilipoacha moshi na kuwa jekundu nikaliingiza chumba cha kulala, nikafunga dirisha. Usiku wa manane niliamka kichwa kinagonga, miguu haina nguvu. Nikajiambia ni mwinuko, si nimeambiwa mlimani kichwa huuma? Nikalala tena. Kilichotuokoa ni binamu yangu aliyetaka kwenda msalani. Alianguka mlangoni, na mlango ukabaki wazi.

Makaa yasiyo na moshi ndiyo hatari zaidi, kwa sababu hukuti dalili. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na maumivu yake yanafanana sana na yale ya mwinuko. Kwa hiyo:

Jiko la makaa halilali ndani. Hata dakika kumi za kupasha chumba, hapana.

Kichwa kikiuma usiku na kuna moto ndani, toka nje kwanza (mulika tochi kabla hujavuka kizingiti), mengine mtajadili huko. Ukipata nafuu nje na mwenzako pia anaumwa, hiyo si mwinuko.

Kuni gonganisha mbili kabla ya kulipa. Kavu hulia kwa sauti kali, mbichi hutoa sauti nzito ya dufu.

Kabla ya kulala hakikisha dohani inavuta. Choma karatasi moja. Moshi ukirudi chumbani, moto usiwashwe. Vaa soksi mbili ulale.

Hatua ya 7. Mtoni nenda na askari wa KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) mwenye bunduki. Si ndovu anayenitisha sana, huyo utamsikia akivunja matawi. Ni nyati dume aliye peke yake, amelala kwenye nyasi ndefu kando ya maji. Samaki wenyewe si kazi ngumu: trauti hukaa ameelekea maji yanakotoka, basi mwendee kutoka chini, umeinama, kivuli chako kisiangukie kidimbwi. Tumia nzi bandia, yaani ndoano iliyofungwa manyoya au nyuzi ifanane na mdudu. Ule mweusi uitwao Kenya Bug haujaniangusha.

Hatua ya 8. Mpasue hapo hapo. Damu nyeusi iliyolala kwenye uti wa mgongo ikwangue kwa ukucha wa kidole gumba mpaka maji yatoke safi, la sivyo nyama itakuwa chungu. Matumbo usitupe karibu na banda, utamwalika fisi.

MASWALI

Tochi_Mbovu: Kuna stima?
Mwandishi: Hakuna.

Mzee wa Probox: Probox yangu inafika kila mahali. Lazima 4x4 kweli?
Mwandishi: Hatua ya 3.
Mzee wa Probox: Nimesoma, ila nyinyi mnapenda kutishia watu.
Mwandishi: Basi panda nayo. Jembe ubebe, na watu wanne wa kusukuma.

Kijana wa Kisumu: Mbona nisitumie minyoo? Sisi ziwani tunatumia na tunashiba.
Mwandishi: Ziwani sawa. Huku ni nzi bandia tu. Na kuna sababu: mnyoo humezwa mpaka tumboni pamoja na ndoano, kwa hiyo kadogo ukikarudisha majini kanakufa. Nzi hunasa mdomoni, unamchomoa na anaondoka mzima.

Mama Wawili: Habari zenu. Nina watoto wa miaka sita na tisa. Niwaache nyumbani?
Mwandishi: Njoo nao mama, watafurahi. Usiku waekee ndoo ndani, asitoke mtu. Mchana wasitangulie mbele ya mkubwa hata hatua tano. Siku ya kwanza watembee polepole, wanywe maji. Ukiona mmoja anatapika na kulegea, shukeni, msingoje asubuhi ya pili.

Nyuki: Hawa trauti ni wa huku huku au waliletwa?
Mwandishi: Swali zuri. Waliletwa. Mwaka wa 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, wakapandikizwa mto Gura. Trauti anataka maji ya baridi yenye oksijeni nyingi, ndiyo maana unamkuta huku juu na humkuti Tana ikishafika tambarare. Ukiwa na nafasi, Kiganjo karibu na Nyeri kuna kituo cha serikali cha kuwazalisha. Nenda ukaone vifaranga, halafu utarusha ndoano kwa adabu.

Nyuki: Asante. Na maporomoko ya Karuru yako mbali?
Askari Mstaafu: Nijibu mimi. Ni ndani ya hifadhi hiyo hiyo, mita 273 kwa ngazi tatu. Nenda asubuhi, mchana ukungu huyafunika yote.

Mzee wa Probox: Betri ya simu yangu huisha haraka nikiwa mlimani. Ni simu au ni baridi?
Mwandishi: Baridi. Lala nayo ndani ya blanketi, hata betri za tochi. Na umeamua nini kuhusu gari?
Mzee wa Probox: Naazima Prado ya shemeji.