Nyuzi za gitaa la flamenko: kuchagua, kufunga na kuzizoesha

Kwanza kabisa achana na nyuzi za chuma. Madukani ndo zimejaa, najua, ila gitaa la flamenko (muziki wa kusini mwa Hispania) lina ubao mwembamba na nailoni zote sita zinalivuta kwa kama kilo 40 tu, ukifunga chuma daraja (kile kijiti kwenye ubao nyuzi zinapofungwa) linang'oka hilo.

1. Mkazo, yaani uzi unavuta kwa nguvu kiasi gani. Kuna wa kawaida na mkali, mfano kwa nyuzi za kampuni ya D'Addario, EJ45 ni kawaida, EJ46 mkali. Flamenko nyuzi zinakaa chini karibu na freti (vile vyuma vya shingoni), kwa hiyo ukichapa rasgueado (kuchapa nyuzi kwa kufyatua vidole) zinagonga, na kugonga kidogo ndo utamu wenyewe, sauti kavu ya Andalusia hiyo, huko ndo kwao flamenko. Ila kama noti inamezwa kabisa, panda mkazo mkali. Mi mkono wangu mzito, natumia mkali.

2. Nailoni au kaboni. Nailoni ina sauti ya mviringo, kaboni (kama Savarez Alliance) ni nyembamba zaidi, inang'aa na noti inaruka haraka. Shida kubwa iko uzi wa tatu (ukihesabu kutoka ule mwembamba kuliko wote), wa nailoni ni mnene na mara nyingi unalia kama umefunikwa blanketi, ndo maana wengine wanaweka kaboni hapo tu, wa kwanza na wa pili wanaacha nailoni. Zile nyekundu za La Bella 820 ni nailoni pia, usidhani rangi ndo inaleta flamenko.

3. Kufunga. Badilisha mmoja mmoja, usivue zote. Kwenye daraja besi (zile tatu nene zilizozungushiwa waya) inatosha kuizungusha mara moja, nailoni tupu (zile tatu nyembamba) mara mbili au tatu maana zinateleza, na ncha ya mwisho ibanwe nyuma ya ukingo wa daraja, sio juu yake. Uzi wa kwanza ndo msumbufu, ukichomoka unachapa ubao na kuacha alama ambayo haitoki.

4. Kuzoesha. Kaza mpaka sauti yake halisi, usipitilize. Shika uzi kwenye freti ya 12, uvute juu taratibu, achia, utaona umeshuka, kaza tena, rudia mpaka ushuke kidogo tu. Halafu piga, tena piga kweli, na usiku uliache gitaa likiwa limekazwa. Besi zinatulia mapema, nailoni inaweza kukusumbua siku kadhaa, kaboni ina haraka kidogo. Ukituni shuka chini kwanza kisha panda, ukiishia kwa kushuka uzi utalegea tena katikati ya wimbo. Kama una shoo usifunge nyuzi mpya siku hiyohiyo jamani.

Ukimaliza kupiga futa jasho kwa kitambaa kikavu, hasa besi. Wa nne ndo unakufa wa kwanza, pitisha kidole chini yake usawa wa freti ya 2, ukisikia waya umelika au umeanza kufumuka badilisha besi, zile tatu za nailoni bado zinadunda, ziache.