Mama yuko Muscat, watoto wako Wete: namna ya kulea kwa mbali

Huku Pemba nyumba nyingi zina mtu Oman au Dubai, kaenda kutafuta, watoto kawaachia bibi yao. Pesa zinakuja alhamdulillah, lakini wapo watoto wanaikimbia simu ya mama yao mzazi na hili linaniuma sana maana linazuilika.

Kabla ya safari mwambie mtoto ukweli. Usiondoke kalala, wala usimdanganye "nakwenda dukani narudi sasa hivi", atakaa barazani kila gari ikisimama anatoa macho. Mkataba kama wa miaka miwili mhesabie kwa sikukuu, Idi ndogo mbili na Idi kubwa mbili, mwaka haujui lakini Idi anaijua.

Halafu simu. Hapa ndo kwenye kazi. Bibi anapokea, bati linavuja, hela ya tuisheni, ami kaomba chochote, bando linakaribia kuisha ndo mtoto anaitwa "njoo msalimie mamako", kasimama mlangoni na mpira mkononi, anasema shikamoo mama, mzima, basi. Tenganisheni jamani! Mambo ya pesa wazungumze wakubwa siku yao, simu ya mtoto iwe ya mtoto, na muulize vitu vidogo, paka kazaa wangapi, skuli anakaa na nani, sio "unasoma?" tu. Bibi apige picha daftari la hesabu amtumie, mama na mtoto walipitie pamoja pale palipotiwa alama ya kosa.

Saa za huko ziko mbele yetu kwa saa moja, saa mbili usiku Wete ni saa tatu Muscat na Dubai, na anayefanya kazi za ndani saa hiyo mara nyingi bado yuko jikoni, kwa hiyo mpange wakati anaoupata yeye. Dubai simu za WhatsApp zinafungwa, wengi wanatumia programu ya Botim, ila meseji na voisi za WhatsApp zinafika. Mama arekodi dua ya kulala kwa sauti yake, ikishapakuliwa mtoto ataisikiliza kila usiku hata bando likiisha.

Bibi naye msimsahau, anaamka alfajiri na watoto sio wake. Mtumie chake mwenyewe kidogo kidogo, na akishamkataza mtoto kwenda kuogelea baharini wewe usimruhusu kwa simu, utamvunjia heshima.

Mtoto akianza kukojoa kitandani au kukataa kwenda chuo cha Kurani msimpige. Kaeni naye, mwalimu ajue, hospitali ikibidi. Mkihisi kuna mtu anamfanyia ubaya, nendeni kwa sheha, kiongozi wa shehia yenu, au pigeni 116, ni bure.

Na aliye huko naye ni mtu. Muulizeni kala, kalala, kalipwa? Nyumbani wekeni kopi ya paspoti na mkataba na anwani ya anapofanya kazi, akinyimwa mshahara au paspoti mtajua pa kuanzia mkiwasiliana na ubalozi wetu Muscat au Abu Dhabi.

Siku ya kurudi mtoto akijificha nyuma ya bibi, mwache. Usimvute, usilie mbele yake kwamba hakutaki, siku za mwanzo alale kwa bibi kama alivyozoea na wewe uwe unamuogesha na kumpeleka skuli, atakuja mwenyewe.