SOMO: Ugumu wa tairi za skeiti, upi wa ukumbini na upi wa lami zetu za Kusini

Wadau wa Mtwara, Lindi na Kusini yote, salaam.

Somo hili la skeiti, yaani viatu vya kutelezea vyenye tairi, nililiahidi muda mrefu. Leo nalitoa kwa sababu Jumamosi pale uwanja wa Mashujaa nimeona tena jambo linaloniuma. Binti wa miaka kama kumi na miwili, mwenye moyo kabisa, aliingia lamini na skeiti za mtumba zenye tairi ngumu kama kifuu. Miguu inatetemeka, meno yanagongana, kila kijiwe kinamsimamisha. Nusu saa haikuisha akavua, akaniambia, "Mjomba, mimi siwezi." Nikamvalisha skeiti za mpwa wangu, saizi karibu ileile, ila tairi zake ni laini. Akazunguka uwanja mara tatu bila kushikwa mkono.

Watoto wangapi hapa mjini wameacha mchezo huu wakidhani ubaya uko kwenye miguu yao? Ndiyo maana naandika kwa urefu.

Namba ya ubavuni

Tazama ubavu wa tairi. Mara nyingi utakuta namba mbili, kwa mfano 62 na 78A. Ya kwanza ni kipenyo kwa milimita. Ya pili, yenye herufi A, ndiyo ugumu. Kipimo chake kinaitwa Shore A, na kifaa cha kupimia ni durometa: kisindano kinakandamizwa kwenye tairi, halafu inaangaliwa kimezama kiasi gani. Kipimo kinaanzia 0 hadi 100, na namba ikipanda ujue ugumu umepanda. Kwa kulinganisha, mpira wa tairi la gari uko kama 60 hadi 70 kwenye kipimo hichohicho. Kwa hiyo hata tairi ya skeiti tunayoiita laini, ya 78A, bado ni ngumu kuliko tairi la bajaji.

Tairi hizi si za mpira wa kawaida. Ni poliyurethani, iliyoenea kwenye mchezo huu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kabla ya hapo watu walitelezea tairi za chuma, mbao na mchanganyiko wa udongo. Rangi ya tairi haikwambii kitu. Kuna nyekundu laini na kuna nyekundu ngumu.

Hatua ya 1: Soma sakafu kabla hujasoma tairi

Hapa ndipo wengi tunakosea, tunaanza na duka badala ya kuanza na barabara. Nenda mahali utakapochezea, inama, buruta kiganja chako chini taratibu.

Mitaa mingi ya mjini kwetu ina lami ya kumwagia: lami inamwagwa, kokoto zinatandazwa juu, roli linashindilia. Vichwa vya kokoto vinabaki vimechomoza, na kiganja kitakwaruzika. Barabara kubwa zina lami iliyochanganywa kiwandani, hiyo ni nyororo zaidi. Halafu kuna pevingi, ambazo ubaya wake uko kwenye viungo vya tofali na tofali. Mwisho ni sakafu za ndani: saruji iliyosuguliwa, terazo, malumalu, na kwa nadra sana mbao.

Kwa nini sakafu ndiyo inayoamua? Tairi ngumu haibonyei. Ikikutana na kokoto inabidi iipande, na mwili wako wote upande nayo, kisha ushuke, kisha upande tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ule mtetemo unaousikia magotini ni nguvu zako mwenyewe zinapotea. Tairi laini inaimeza kokoto: inabonyea kidogo pale ilipoguswa na wewe unapita umetulia. Ukumbini mambo yanageuka. Hakuna kokoto ya kumeza, kwa hiyo ulaini unabaki na kazi moja tu, kula mwendo. Utasukuma mara kumi pale mwenzako mwenye tairi ngumu anaposukuma mara sita.

Hatua ya 2: Linganisha sakafu na namba

Haya ni kwa skeiti za pea, zile zenye tairi mbili mbele na mbili nyuma. Za mstari mmoja nitazisema baadaye kwa sababu zina sheria yake.

Lami ya kokoto na pevingi: 78A. Usihangaike na zaidi ya 80A.
Lami nyororo: 78A hadi 84A.
Kama una seti moja tu na unacheza nje na ndani: 85A hadi 88A. Itakutetemesha kidogo nje na kukuchelewesha kidogo ndani, lakini itakufikisha.
Ndani: 88A kwenda juu, mpaka karibu 100A.

Hilo la ndani lina mtego. Watu wanasikia "ukumbini ni tairi ngumu" wanakwenda kununua 98A, kisha wanaanguka kwenye malumalu kama wamekanyaga maganda ya ndizi. Tairi ngumu inahitaji sakafu inayoshika, kama mbao zilizopakwa rangi maalumu ya kumbi za skeiti. Kumbi zetu hazikujengwa kwa mchezo huu. Ni za harusi na mikutano, sakafu imesuguliwa ing'ae. Sakafu ikiwa na utelezi, shuka: 88A hadi 92A. Ikishika vizuri, na wewe ukiwa umeshajua kusimama na kugeuka, ndipo upande 95A na kuendelea.

Hatua ya 3: Ongeza uzito wako na jua letu

Mtu mzito anaibonyeza tairi zaidi, kwa hiyo ileile 78A kwake inakuwa laini kuliko kwa mtoto. Mimi nina kilo 84 na kwenye lami natumia 80A. Mpwa wangu ana kilo 38, anatumia 78A na anaruka vizuri. Ukivuka kilo 80, ongeza namba mbili au tatu. Mtoto mwepesi asiongezewe.

Joto nalo linalainisha. Lami ya saa nane mchana siyo lami ya saa kumi na mbili asubuhi, na tairi utaihisi nzito, inavuta. Msikimbilie kununua ngumu kwa sababu hiyo, badilisheni saa ya kucheza. Alfajiri na jioni ndiyo muda wetu.

Hatua ya 4: Kipenyo

Nje chukua kubwa, 62 hadi 65, zinavuka vijiwe kirahisi. Ndani 57 hadi 62, uko karibu na sakafu na unageuka upesi. Hakikisha tairi kubwa haigusi soli unapolala upande.

Hatua ya 5: Wenye skeiti za mstari

Kwenu ni karibu kinyume. Tairi zenu ni nyembamba na zinagusa chini sehemu ndogo sana, kwa hiyo kwenye sakafu nyororo zinahitaji ulaini ili zishike. Wachezaji wa hoki ya ndani wanatumia kama 72A hadi 78A. Nje lami inazikwangua haraka, basi mnapanda: 82A hadi 85A. Mtu wa pea asimshauri mtu wa mstari bila kuuliza kwanza ana skeiti gani.

Hatua ya 6: Kufunga

Nati nyingi ni spana namba 13. Ekseli za milimita 7 huchukua namba 11. Kila tairi ina beringi mbili, kwa hiyo skeiti za pea zina beringi 16, usizipoteze. Kuitoa beringi bila kifaa: ingiza ekseli nusu tu, ili ncha yake ishike beringi ya upande mmoja, kisha inamisha tairi taratibu kama unafungua soda. Itachomoka. Geuza, toa ya pili.

Ukishafunga, kaza nati mpaka tairi igome kuzunguka, halafu ilegeze kama robo ya mzunguko. Tairi izunguke huru, na ukiitikisa kwa vidole uisikie imelegea kidogo sana. Nati za skeiti huwa na plastiki ndani inayozuia kufunguka yenyewe. Plastiki ikiisha, nunua nati mpya. Hili nalisema kwa uchungu: tairi iliwahi kunitoka nikishuka kuelekea Mikindani, na kiwiko changu cha kushoto mpaka leo hakinyooki sawasawa.

Hatua ya 7: Jaribu

Dakika kumi, sehemu tupu, helmeti na pedi za magoti na viganja. Sikiliza nyayo. Zikifa ganzi, tairi ni ngumu kwa sakafu ile. Ukihisi unasukuma matopeni, ni laini mno.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mtanda, Lindi: Kaka, nimepata skeiti za mtumba, kiatu kizuri kabisa, ila tairi ni 95A na huku kwangu ni lami tu. Hela ya kununua nane sina, ninayo ya nne. Nifunge nne mbele?

Jibu: Pole kaka. Usichanganye kama vipenyo vinatofautiana, maana kiatu kitainama. Kama kipenyo ni kilekile unaweza kufunga laini mbele na ngumu nyuma, lakini nyuma itaendelea kukutetemesha na itakutoroka kwenye kona. Ushauri wangu: tunza hiyo hela mpaka itimie ya nane. Kwa sasa tafuta uwanja wa basketi wenye zege nyororo, omba ruhusa, ujifunzie hapo. 95A kwenye zege safi inavumilika.

Mama wa Shangani: Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa miaka saba amenunuliwa skeiti mpya za dukani, tairi hazina namba yoyote. Nitajuaje?

Jibu: Marahaba, mama. Bonyeza ukucha wa kidole gumba kwenye tairi. Tairi laini itaacha alama kidogo kisha irudi, ngumu haitaacha kitu. Skeiti nyingi za bei ya chini za watoto huwa na tairi za plastiki, si poliyurethani. Utazijua: zinang'aa, zinagonga ta-ta-ta kwenye saruji na zinateleza. Kama ndizo, angalia kama nati zinafunguka. Zikifunguka mbadilishie 78A. Zisipofunguka, mwache achezee barazani na varandani tu, na usimpeleke barabarani.

Mdau wa Chikongola: Tunacheza ukumbi wa malumalu, nina kilo 62, tairi 92A, lakini bado nateleza kwenye kona. Nishuke hadi 85A?

Jibu: Kabla hujatoa hela, pigeni deki. Vumbi jembamba juu ya malumalu linamwangusha hata mwenye tairi laini. Deki ya maji bila sabuni, sakafu ikauke kabisa, kisha futa na tairi kwa kitambaa chenye unyevu. Tairi mpya nazo huwa na utelezi juu mpaka zichubuke kidogo. Ukishafanya hayo na bado unateleza, nenda 88A. 85A ukumbini utachoka bure.

Mdau wa Masasi: Natumia za mstari, 84A, kwenye lami ya kuelekea Mtwara. Zinaisha upande wa ndani tu. Ni ugumu umekosewa?

Jibu: Ugumu uko sawa. Kila anayesukuma hula tairi upande wa ndani. Zihamishe: ya kwanza na ya tatu zibadilishane, ya pili na ya nne zibadilishane, na kila moja igeuzwe ili upande wa ndani uende nje. Fanya kabla tairi hazijaliwa sana upande mmoja. Na hiyo barabara, ndugu yangu, ina malori. Naomba utafute pengine pa kuchezea.

Dada wa Mikindani: Mbona kuna watu wanatumia tairi ngumu nje na wanaonekana wanaweza sana?

Jibu: Swali zuri, dada. Hao wanataka kuserereka makusudi, kusimama kwa ubavu na kuzunguka. Tairi laini inang'ang'ania lami na haikubali kuserereka, kwa hiyo wanachagua ngumu na kuchagua lami nyororo. Ni hatua ya baadaye.

Mdau wa Rahaleo: Mimi tairi ni 78A kama ulivyosema, lakini hazizunguki. Nikisukuma zinakufa.

Jibu: Umechezea wapi mara ya mwisho?

Mdau wa Rahaleo: Kule ufukweni, wakati upepo wa kusi unavuma.

Jibu: Basi ni mchanga na chumvi kwenye beringi, tairi haina kosa. Toa beringi zote 16. Usizioshe kwa maji. Zitikise ndani ya chupa yenye petroli kidogo, nje ya nyumba, mbali na moto na sigara. Zitandaze kwenye kitambaa zikauke kabisa. Kisha tone moja la mafuta ya cherehani kila moja, uizungushe kwa kidole. Ikiendelea kukwaruza baada ya hapo, tupa hiyo. Kipimo chake kwa ekseli za milimita 8 ni 608, na mafundi wengi wa mashine wanazo. Angalia tu ziwe na kifuniko pande zote mbili.