Kulipia kadi ya maktaba ya mbali ili uazime vitabu pepe: hatua kwa hatua

Kama uko Marekani na unatumia Libby, ile apu ya kuazima vitabu pepe vya maktaba, hii hali unaijua, umesikia kitabu kipya kinasifiwa kila kona, unakitafuta, apu inakwambia kipo ila subiri wiki 20, na maktaba ya kwenu ndo hiyo hiyo moja. Kuna njia halali kabisa ya kupunguza hayo mateso. Baadhi ya maktaba zinauza uanachama kwa watu wasioishi kwenye eneo lao, unalipa ada ya mwaka, unapewa namba ya kadi na pini, unaziingiza kwenye apu unaanza kuazima bila kukanyaga huko. Mi natumia hizi kadi, na watu wananiuliza kila mara nichukue ya wapi, na jibu langu ni lile lile: sijui unasoma nini kwahiyo siwezi kukuchagulia. Kitu unachonunua hapa ni foleni fupi, na foleni fupi ya msomaji wa riwaya za upelelezi haiko sehemu moja na ya msomaji wa historia. Nitaeleza jinsi ya kuitafuta ya kwako.

Hatua ya 1: jua foleni inatoka wapi

Wengi wanashangaa, kitabu pepe ni faili tu, kwanini maktaba isiwape watu elfu moja kwa mpigo? Ni kwasababu lile faili sio mali ya maktaba, maktaba inanunua leseni, na leseni nyingi ni kopi moja mtu mmoja, ukiwa nacho wewe mwenzako anasubiri. Alafu leseni zenyewe zinakufa. HarperCollins tangu 2011 leseni yao inaisha kitabu kikishaazimwa mara 26, wachapishaji wengine wakubwa wanauza leseni ya miaka 2 ikiisha maktaba inatoa hela upya, na kitabu kipya maktaba inaweza kuuziwa dola 55 au 60 na kitu wakati wewe dukani unakipata kwa kama 15. Macmillan mwaka 2019 wakazidisha, wakasema kila maktaba itauziwa kopi moja tu kwa wiki 8 za mwanzo, maktaba kibao zikasusa kununua, Machi 2020 wakaachana na huo mpango.

Nakwambia haya yote manake ndo yanaeleza kila sharti utakalokutana nalo mbele. Maktaba inaendeshwa kwa kodi za wakazi wake, sana sana kodi ya nyumba na ardhi, kwahiyo mgeni analipa ada. Na mgeni anayesoma sana anaweza kuigharimu maktaba kuliko ada aliyoitoa, ndo maana baadhi zimeufunga mlango. Maktaba ya Brooklyn ilikuwa maarufu sana kwa kadi ya dola 50 kwa watu wa nje ya jimbo la New York, mwaka 2022 wakaacha kuitoa. Bado utakutana na orodha za zamani mtandaoni zinaitaja kama ipo, zipuuze.

Hatua ya 2: maliza za bure kwanza

Usitoe hela kabla hujajua haki zako kwenye jimbo lako. Watu wengi wanalipia kitu wakati wana kingine bora zaidi bure na hawajui.

Ukiishi popote kwenye jimbo la New York, hata mpakani kabisa na Kanada, unastahili kadi ya New York Public Library, ya Brooklyn na ya Queens, zote tatu, bure. Massachusetts yote inastahili kadi ya kielektroniki ya Boston. Pennsylvania yote inastahili kadi ya Philadelphia. Maryland kadi za maktaba za umma ziko wazi kwa mkazi yeyote wa jimbo. Ohio na California pia maktaba nyingi zinapokea mkazi wa jimbo zima, ila California nyingine zinataka ufike mwenyewe na kitambulisho, kwahiyo ukisafiri kwenda mji mwingine wa jimbo hilo beba kitambulisho na upite maktaba, ni dakika chache tu.

Angalia pia unapofanya kazi na unaposoma. Maktaba nyingi zinakuhesabu kama mkazi ukiwa na ajira au shule kwenye eneo lao, au ukimiliki nyumba pale hata kama huishi humo.

Na kama una kijana ndani ya nyumba, kuna mpango wa kadi za vitabu pepe unaitwa Books Unbanned, Brooklyn waliuanzisha Aprili 2022 kwa vijana wa miaka 13 hadi 21 popote Marekani, Seattle wakafuata 2023 wao hadi miaka 26. Kadi ni bure na ni ya kijana mwenyewe, naomba mzazi usijifanye una miaka 17.

Ukishamaliza hapo na bado foleni zinakutesa, sasa tuongelee hela.

Hatua ya 3: kagua katalogi kabla ya kutoa hata senti

Hapa ndo penye kazi yote, na ndo panaporukwa na karibu kila mtu. Watu wanauliza "kadi ya bei rahisi ni ipi", wanalipa, wanafungua, wanakuta foleni ile ile.

Katalogi ya vitabu pepe ya karibu kila maktaba iko wazi kwa yeyote. Huhitaji kadi. Ndani ya Libby yenyewe unaweza kutafuta maktaba yoyote kwa jina ukaingia kuvinjari bila kulogini, au kwenye kompyuta ukafungua ukurasa wa OverDrive (kampuni yenye Libby) wa hiyo maktaba, mara nyingi anwani yake ni jina lao kisha .overdrive.com. Sasa fanya hivi:

Andika orodha ya vitabu kama kumi unavyotaka kusoma mwaka huu, vya ukweli sio vya kujionyesha. Changanya: vipya viwili vitatu vinavyogombaniwa, vya miaka mitano nyuma, na vile vya kipekee ambavyo maktaba yenu haina kabisa. Kisha kila maktaba unayoifikiria itafutie hiyo orodha yote. Kwa kila kitabu angalia vitu viwili, maktaba ina kopi ngapi na wanaosubiri ni wangapi. Usitishwe na namba kubwa ya wanaosubiri, gawanya. Watu 300 kwenye kopi 100 ni watatu kwa kila kopi, hiyo inasogea. Watu 40 kwenye kopi 2 ni ishirini kwa kila kopi, na kama kila mmoja anakaa nacho wiki mbili we piga mwenyewe hesabu. Libby pia inakupa makadirio ya wiki, ni makadirio tu, wengi wanarudisha mapema kwahiyo mara nyingi inawahi.

Vitabu vya sauti vihesabu peke yake, manake leseni yake ni nyingine na foleni yake ni nyingine. Maktaba inaweza kuwa tajiri wa vitabu vya kusoma alafu kwenye sauti ikawa hoi. Kama wewe ni msikilizaji tu, orodha yako yote iwe ya sauti.

Kuna mtego mmoja hapa. Maktaba nyingi ndogo zimeungana kwenye ushirika mmoja zinatumia katalogi moja ya pamoja. Ukilipia maktaba ambayo iko kwenye ushirika ule ule wa kwenu umenunua vitabu vile vile na foleni ile ile. Unagunduaje? Fungua katalogi zote mbili utafute kitabu kimoja kisicho maarufu na kimoja maarufu, namba za kopi na za wanaosubiri zikifanana kabisa, achana nayo. Na hata ndani ya ushirika, maktaba inaweza kujinunulia kopi za ziada kwa ajili ya watu wake yenyewe, kwahiyo ukiona tofauti ndogo ndogo kwenye vitabu vipya usidhani ni ushirika tofauti.

Hatua ya 4: soma masharti, hasa yale yaliyoandikwa kwa herufi ndogo

Ada zinatofautiana sana. Fairfax County ya Virginia imejulikana kwa dola 27 kwa mwaka, Orange County ya Florida, ile ya Orlando, imejulikana kwa dola 125, na nyingine nyingi zinacheza kwenye 50. Bei zinapanda na sera zinabadilika, ukurasa wa maktaba wenyewe wa siku unayolipa ndo msemaji wa mwisho, hata mimi usiniamini kwenye hili. Ukitaka kupima ni ghali au la, dola 50 kwa mwaka ni dola 4 na senti kidogo kwa mwezi, wakati usajili wa kawaida wa Audible, huduma ya vitabu vya sauti, ni dola 14.95 kwa mwezi kwa kitabu kimoja. Lakini bei ya chini kwenye katalogi isiyo na vitabu vyako bado ni hela umetupa.

Kwenye masharti tafuta haya. Je, kadi ya mgeni inafungua vitabu pepe au ni ya vitabu vya karatasi tu? Hili ni la kwanza na wengine wanaliandika chini kabisa. Je, unaweza kuomba kwa mtandao au lazima ufike? Wanapokea anwani ya jimbo lolote, au za jimbo lao tu? Walioko nje ya Marekani hapa ndo wanapokwama, nyingi zinataka anwani ya ndani. Ada ni ya mtu mmoja au ya familia? Na unaruhusiwa kuazima vingapi na kuweka foleni ngapi kwa wakati mmoja, manake kadi yenye foleni 5 na yenye foleni 20 ni vitu viwili tofauti.

Usihesabu hoopla, apu nyingine ya kuazima kupitia maktaba, kwenye faida. Ile haina foleni kwasababu maktaba inalipia kila mara mtu anapoazima, na kwa sababu hiyo hiyo ndo kitu cha kwanza wageni wanachonyimwa. Ukiipata shukuru.

Hatua ya 5: waandikie

Kama ukurasa haueleweki tuma barua pepe fupi. Sema unaishi wapi, uliza kama kadi ya kulipia ya wasio wakazi inaruhusu Libby, kama utaipata kwa mtandao, na inadumu muda gani. Wakutubi wanajibu vizuri, ndo kazi yao, na jibu la maandishi likusaidie baadaye mtu wa kaunta akisema vingine.

Hatua ya 6: lipa

Jaza fomu, tuma picha ya kitambulisho wakiitaka, lipa kwa kadi ya benki, subiri namba. Anwani weka ya ukweli. Kuna watu wanauza namba za kadi mitandaoni kwa bei chee, usinunue, nyingi zimeibwa au zimetolewa kwa anwani za uongo, zinafungwa na wewe unabaki na foleni zilizofutika, na ndo vitu vinavyozifanya maktaba zifunge mlango kwa wote.

Hatua ya 7: iingize kwenye Libby

Ongeza maktaba mpya, weka namba na pini, basi. Ya zamani usiitoe, Libby inabeba kadi nyingi kwa pamoja na rafu inakuwa moja. Ukiwa kwenye kitabu unaweza kuhamia maktaba yako nyingine ukaona foleni ya kule ikoje.

Wenye Kindle, kisomaji cha vitabu pepe cha Amazon, kutuma kitabu cha maktaba kwenye Kindle kunawezekana kwa maktaba za Marekani tu, na sio kila kitabu kina hiyo ruhusa. Kobo, kisomaji cha kampuni nyingine, nyingi OverDrive imo ndani ya kifaa chenyewe.

Hatua ya 8: cheza na foleni

Kitabu kinachogombaniwa weka foleni kwenye kadi zote, kikija kwa moja futa nyingine siku hiyo hiyo. Tafadhali usiache, kuna mtu nyuma yako.

Kikifika muda mbaya usikikatae, chagua kiletwe baadaye. Nafasi yako inabaki kule mbele, kopi inaenda kwa anayefuata, na siku ukiwa tayari unakuwa wa karibu kabisa. Hii watu hawaitumii inavyostahili, wengi foleni zao tano zinaiva wiki moja wanahangaika kusoma usiku kucha. Kumbuka tu kikiwa tayari una siku 3 za kukichukua au kukisogeza.

Kitabu ambacho maktaba haina, kiwekee alama ya kutaka kujulishwa, wakikinunua unapata taarifa na unakuwa wa mwanzo mwanzo. Zaidi ya hapo maktaba zinaziangalia hizo alama wakati wa kuamua wanunue nini. Na baadhi zina kopi za bahati zisizo na foleni, ukizikuta kamata, ila zinakuwa za siku chache kama 7 na huwezi kuongeza muda.

Vitabu vya zamani vilivyokwisha hakimiliki usivipangie foleni kabisa. Tovuti ya Project Gutenberg wanavyo bure, chukua huko, nafasi zako za foleni ziwekee vipya.

Ukimaliza rudisha, hata kama siku zimebaki kumi. Faini hakuna, kitabu kinajirudisha chenyewe siku ikifika, lakini kopi uliyokaa nayo bure leseni yake inazidi kuzeeka.

Hatua ya 9: kabla ya kuhuisha

Weka kikumbusho kwenye simu mwezi mmoja kabla kadi haijaisha. Fungua historia ya uazimaji ndani ya Libby, hesabu vitabu vilivyotoka kwenye kadi ya kulipia peke yake, gawanya ada kwa hiyo namba. Alafu rudia hatua ya 3 na orodha ya mwaka unaokuja, kwa maktaba uliyonayo na nyingine mbili. Kama yako bado inashinda lipa tena, kama haishindi acha iishe na uhamishie hela kwingine, ila maliza kwanza vile ambavyo foleni yake imekaribia.