Kamera ndogo ya mfukoni: uliza sensa, kisha tafuta vumbi

Ukinunua kamera ndogo kwa kazi ya maana, achana na megapikseli zilizoandikwa kwenye boksi. Uliza sensa, yaani kile kibamba cha ndani kinachonasa mwanga na kuufanya picha. Nyingi za bei poa zina sensa ya milimita 6.2 kwa 4.6 hivi, na simu nzuri za siku hizi zinaipita. Sony RX100 ina 13.2 kwa 8.8, yaani eneo mara nne. Ricoh GR III ina 23.5 kwa 15.6, ila haina zumu ya lenzi. Ukitaka kitu kikaribie, tembea.

Kama ni ya mtumba, adui ni vumbi. Lenzi inayotoka na kuingia huvuta hewa, na vumbi likishatua kwenye sensa hulipangusi, maana lenzi haifunguki. Palepale dukani weka f/11 (namba ya tundu la lenzi; ikiwa kubwa, tundu ni dogo) au namba kubwa zaidi iliyopo, ISO (wepesi wa kunasa mwanga) ndogo, lenga ukuta mweupe na uvuruge fokasi kwa makusudi. Piga picha mbili huku umesogeza kamera kidogo. Zikuze, uzipitie kona hadi kona. Doa la kijivu lililobaki mahali pamoja kwenye zote mbili ni vumbi la ndani. Kwa f/2.8, tundu likiwa wazi, halionekani, kwa hiyo picha tamu alizopiga muuzaji hazithibitishi kitu.

Washa na kuzima mara 10: lenzi ikisita au ikikwaruza, rudisha. Haipigi RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata? Iache. Na GR III hula betri, kama picha 200 tu. Nunua betri ya pili siku hiyohiyo.