Kuendesha Eudora 7.1 kwenye Windows 10 au 11

Eudora 7.1.0.9, programu ya barua pepe, ni ya mwaka 2006, na bado inafunguka kwenye Windows ya leo. Inakwama kwingine: mahali inapotunza barua, na namna inavyozungumza na seva.

Anza na barua. Zamani watu waliziacha humo humo ndani ya Program Files. Windows za sasa hazimruhusu mtumiaji wa kawaida kuandika hapo, hivyo mafaili huelekezwa kimyakimya kwenye AppData\Local\VirtualStore. Ukinakili folda ya kwenye Program Files pekee, unaweza kuondoka na barua za zamani na kuziacha mpya. Kagua zote mbili, ulinganishe tarehe za In.mbx (faili la barua zilizoingia). Kisha funga Eudora, hamisha eudora.ini, mafaili yote ya .mbx (barua zenyewe) na .toc (orodha zake) pamoja na folda ya viambatisho hadi C:\BaruaEudora. Usiiweke ndani ya OneDrive, maana ulandanishaji hugombea mafaili ambayo programu imeyafungua. Kwenye sifa za njia ya mkato, sehemu ya Target, andika:

"C:\Program Files (x86)\Qualcomm\Eudora\Eudora.exe" C:\BaruaEudora

Sasa usimbaji, ambao ndio unaowatoa watu jasho. Eudora ina TLS (njia ya kusimba mawasiliano na seva) ya kizamani ambayo seva nyingi zimeshaikataa, na kuhangaika na vyeti vyake ni kupoteza muda. Weka stunnel, programu ndogo ya kusimba mawasiliano, katikati iubebe mzigo huo. Kwa Gmail, faili la mipangilio linalokuja nayo, stunnel.conf, tayari lina sehemu hizi. Hakikisha tu ziko hivi:

[gmail-pop3]
client = yes
accept = 127.0.0.1:110
connect = pop.gmail.com:995
verifyChain = yes
CAfile = ca-certs.pem
checkHost = pop.gmail.com

Hiyo ni ya kupokea barua. Ya kutuma, gmail-smtp, inafanana nayo, ila accept ni 127.0.0.1:25, connect ni smtp.gmail.com:465, na checkHost ni smtp.gmail.com. Usifute verifyChain hata kama barua zinapita bila hiyo. Ukiifuta, stunnel haikagui tena inaongea na nani.

Ndani ya Eudora, Tools > Options, seva ya kupokea na ya kutuma zote ziwe 127.0.0.1. Secure Sockets chagua Never kote kuwili, na chaguo la mlango (port) 587 lisiwe na alama. Jina la kuingilia ni anwani nzima. Nenosiri lako la kawaida litakataliwa: washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti ya Google, tengeneza nenosiri la programu, uandike herufi zake 16 bila nafasi. Siku za mwanzo, acha nakala za barua kwenye seva.

Ukiona hitilafu 10061, stunnel imelala. Isajili kama huduma ili iamke na kompyuta.

Kisanduku kikionyesha orodha iliyovurugika, funga Eudora, badilisha jina la .toc yake (si .mbx, humo ndimo barua zilimo) kisha fungua tena. Orodha itajengwa upya, ila alama za kusomwa zitapotea na barua ulizofuta bila kubana kisanduku (Compact) zitafufuka.

Lililobaki halina dawa ya mipangilio: Eudora haisomi UTF-8. Mtu akikuandikia ng’ombe kwa kibainishi kilichopinda, wewe utaona ngâ€™ombe.